Kuta za Mfaransa

Watu wa kwetu wakikumbuka mwaka ule husema bibi yangu alishindwa, kwa sababu mwishowe barabara ilipita. Nimewasikia wakisema hivyo msibani, nimewasikia gulioni, na siku moja nilimsikia kijana ambaye mwaka ule hakuwa hata amezaliwa akilisimulia jambo hilo mbele yangu, tena kwa kucheka. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba hajui anachosema, kwa sababu mimi nilikuwepo, na mawe yale niliyabeba kwa mikono hii.

Kijiji chetu kiko upande wa Gorong'a, mahali pa miteremko na mawe. Watu wanalima mahindi, mihogo na wimbi, na kila mwenye nyumba ana ng'ombe au anahangaika awe nao. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakaja mabaya, nikarudi kukaa na bibi, mama mzazi wa baba yangu. Wazazi wangu walikuwa wanaishi Mugumu. Babu alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Aliyebaki karibu na bibi ni baba yangu mdogo, kitinda mimba wake, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Alikuwa na mke, watoto wawili, na hamu kubwa ya kupata kitu ambacho hakikutoka kwenye jembe.

Kisha dhahabu ikaonekana kwenye kilima kilicho nyuma ya shamba letu.

Ndani ya mwezi mmoja kilima kile, ambacho sisi tulikijua kwa malisho ya mbuzi, kilikuwa kimejaa mashimo. Watu walikuja kutoka Geita na Kahama, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Walichimba mashimo marefu wanayoyaita maduara, wakashuka humo kwa kamba, wakalala chini ya maturubai. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliacha kufundisha katikati ya wiki akaenda. Wanawake waliacha palizi wakaenda kuwapikia wachimbaji. Hata mimi nilitaka kwenda, na nilimwambia bibi.

"Nenda," alisema. "Lakini wimbi likikomaa, nikukute hapa."

Hakupandisha sauti. Nilibaki.

Bibi hakuwa mpole, na simsingizii. Alizaliwa Nyambureti, akaolewa Gorong'a na kijana aliyetoka vitani, na kwa miaka arobaini alisikilizishwa habari za Wafaransa mpaka akazichoka. Babu alikuwa askari wa Mwingereza katika vita vya pili vya dunia, lakini hakupelekwa Burma kama wenzake wengi. Alipelekwa Madagaska kupigana na Mfaransa. Alirudi na vitu viwili. Cha kwanza ni kofia ya chuma yenye upindo juu kama kishungi cha jogoo, na mbele ina alama ambayo sisi watoto tuliamini ni jembe. Shuleni ndipo nilipojua kuwa ni nanga. Cha pili ni chupa ya maji ya bati iliyovishwa kitambaa cha bluu, na ilikuwa na midomo miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Kofia ikawa chombo cha kuku kunywea maji. Chupa, bibi alikwenda nayo shambani.

Babu alipokuwa hai na akianza habari za Madagaska, bibi alikuwa anainuka anakwenda kuangalia ng'ombe. Ndiyo maana nilishangaa baadaye kugundua kwamba hakuna neno hata moja lililompita.

Tajiri alikuja asubuhi, wimbi likiwa linaanza kubadilika rangi. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu mnene mwenye haraka. Nyuma yake barabarani alikuwa ameacha lori lililobeba karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na trekta lenye tela la mapipa ya mafuta na pampu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa pamoja naye. Na kwa kuniumiza zaidi, baba mdogo naye alikuwepo, amevaa buti mpya.

Tajiri alitaka njia. Kulikuwa na njia ya zamani ya kuzunguka bondeni, ndefu, yenye kivuko kibovu. Yeye alitaka kukata moja kwa moja: kutoka barabara kuu, apande mteremko wetu wa malisho, apite katikati ya shamba la wimbi, kando ya makaburi, afike kilimani.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Sikukatazi," alisema. "Nipe siku kumi. Nivune, ndipo upite."

"Siku kumi, mama? Huko juu siku kumi ni mwaka mzima. Kuna wenzangu wawili wanaleta karasha zao. Atakayetangulia ndiye atakayesaga mawe ya kilima chote."

"Hayo ni yako na wenzako."

"Nitakulipa fidia ya wimbi."

"Wimbi langu halijafa. Fidia ya nini?"

Mwenyekiti akasema kijiji kilishakubali, kwamba hayo ni maendeleo. Bibi akamgeukia baba mdogo. "Na wewe, mura, mwanangu? Buti hizo ni za kazi gani?"

Baba mdogo akaeleza, macho yake yakiwa chini, kwamba amepewa usimamizi wa vijana kumi na wawili wa kufyeka njia. Tajiri akasema lori litapanda kesho, wimbi liwe limevunwa au halijavunwa, akaondoka.

Nilidhani bibi atakwenda wilayani, au atalia, au atampigia mtoto wake makelele. Alipika ugali tukala. Kulipokucha alichukua ile chupa ya midomo miwili, akaijaza maji, akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake wa kikundi chake cha kusaidiana shambani. Tulikuwa tisa pamoja nami. Akatupeleka mteremkoni, mahali ambapo njia ya ng'ombe, ile aliyotaka kuipanda tajiri, inabanwa na majabali mawili.

"Tunapanga ukuta hapa," alisema.

Wanawake wakatazamana. Mmoja, jirani yetu wa karibu, akauliza kwa nini tusipange kule chini kwenye tambarare, ambako gari litauona mapema.

"Kwa sababu kule gari litazunguka. Mume wangu alisema Mfaransa hakuweka hata jiwe moja kwenye tambarare. Aliweka panapobana."

"Basi tupange mmoja mkubwa," nikasema mimi.

"Mkubwa mmoja wataubomoa leo, na moyo wao utakuwa mzima. Tupange midogo mingi, mmoja kila baada ya kona. Babu yako hakuchoshwa na ukuta. Alichoshwa na kukata kona akakuta mwingine."

Mawe kwetu hayatafutwi. Mababu zetu walijenga maboma ya ng'ombe kwa mawe hayohayo, na mwanamke wa Gorong'a anajua jiwe gani linakaa chini na lipi linakaa juu. Kabla jua halijawa kali tulikuwa na kuta mbili, kila moja inafika kiunoni na ina unene wa hatua moja. Tuliposikia lori linanguruma chini, bibi akatwambia tupande juu tuanze wa tatu.

Dereva wa lori alikuwa kijana wa ng'ambo ya mpaka, kutoka upande wa Migori. Alisimama mbele ya ukuta wa kwanza, akatoa kichwa dirishani, akatazama, akazima injini.

"Sasa hii ni nini, mathe?" alimwuliza bibi.

"Ni mawe."

"Naona ni mawe. Nauliza yametoka wapi, jana hayakuwa hapa."

"Yalikuwa hapa tangu Mungu alipoyaweka. Sisi tumeyasogeza tu."

Dereva alicheka sana. Tajiri, aliyekuwa amekaa pembeni yake, hakucheka. Akaita vijana. Baba mdogo akawapanga mstari, wakaanza kutoa jiwe moja moja, wakipokezana. Ukuta wa kwanza uliwachukua mpaka karibu saa sita. Wakashangilia, lori likapanda, likakata kona, likasimama mbele ya ukuta wa pili. Nilikuwa juu, nawaona vizuri. Hakuna aliyeshangilia tena.

Siku tatu zilikwenda hivyo. Wao walibomoa chini, sisi tulijenga juu. Hatukumtukana mtu na hatukurusha hata kokoto. Siku ya pili tajiri alitupandia akitokwa na jasho, akatuambia tunapigana na mashine, na mashine haichoki. Bibi akamwonyesha lori lililozimwa na trekta lililozimwa, na vijana waliolala kivulini.

"Mashine zako zimelala," alisema. "Wanaofanya kazi ni watoto wetu."

Siku ya tatu baba mdogo alikuja nyumbani jioni, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono yake magotini, viganja juu. Ngozi ilikuwa imechubuka, na vidole viwili vinatoka damu.

"Mama," alisema, "unanibebesha mawe."

"Baba yako alibeba miezi miwili. Hakufa."

"Nina watoto. Mtu huyu ameniahidi kazi ya kudumu kwenye karasha."

"Sikukuita uje kwangu. Umekuja mwenyewe."

Lakini alikwenda ndani akaleta samli, akampaka viganja vyote viwili, polepole, kama alivyokuwa akiwapaka ndama vidonda. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tajiri alitaka kazi iendelee, vijana wakamwambia wanakwenda kanisani, na wote kweli walikwenda, hata wale ambao kwa miaka mingi mchungaji alikuwa hajawaona. Jumatatu nusu yao hawakurudi. Baba mdogo hakurudi. Hakuja upande wetu pia. Alikaa kwake akamwambia mkewe aseme anaumwa.

Ndipo tajiri akakimbilia kwa mwenyekiti, na bibi akaitwa kwenye ritongo, mkutano wa kijiji wa kusikiliza mashauri, siku inayofuata.

Usiku ule sikulala kwa hofu. Asubuhi bibi alikagua shamba, akavunja suke la wimbi, akalisugua kiganjani, akapuliza. Akawaambia wanawake saba waanze kukata sehemu ya juu, ambako lilikuwa limetangulia kukomaa. Kisha akaniambia niwafukuze kuku, niisugue ile kofia kwa majivu, niibebe.

"Bibi, kofia ya nini?"

"Wewe ibebe."

Ritongo ilikaa kwenye uwanja wa shule. Wanaume walikuwa wengi, wazee mbele. Tajiri alizungumza kwanza, vizuri na kwa ufupi, akitaja maendeleo mara nyingi. Mwenyekiti akamwambia bibi ajibu kwa nini ameziba njia. Bibi alisimama, akaichukua kofia kutoka kwangu, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti.

"Ili niwajibu," alisema, "lazima kwanza niwaeleze hii imetoka wapi."

Sijui kama alikuwa amekusudia tangu mwanzo, au alianza tu akaona wanasikiliza. Ninachojua ni kwamba alianza umande ukiwa haujakauka, na alipomaliza vivuli vilikuwa vimegeukia upande wa pili.

Aliwaeleza jinsi Ufaransa ilivyopigwa na Mjerumani, na jinsi wakubwa wa Kifaransa kule Madagaska walivyoendelea kutii serikali iliyokubali kushindwa, mpaka Mwingereza akaogopa kisiwa kisije kikaangukia mikononi mwa adui. Akawapeleka wazee wale melini pamoja na mumewe, kijana ambaye kabla ya hapo hakuwa ameona maji makubwa kuliko mto Mara, na akawatapisha pamoja naye.

"Mfaransa wa kwanza aliyemwona," akasema, "alikuwa mweusi kuliko yeye."

Watu walicheka. Akangoja wanyamaze. Akaeleza kwamba Mfaransa alikuwa amekusanya askari wake Senegali na Madagaska yenyewe, akawavika kofia kama hii, akawapa bunduki ndefu kama mchi, ambazo baba zao walizitumia katika vita vya kwanza. Akaeleza bombomu yao, ile bunduki ya risasi mfululizo, ambayo risasi zake hazikuwa kwenye mkanda wa kitambaa, bali zimepangwa kwenye kipande cha bati kama meno ya kitana, na mtu mmoja kazi yake ni kuchomeka kitana kingine kabla cha kwanza hakijaisha. Akaeleza mizinga yao ya magurudumu, mizuri, mizee, isiyo na gari la kuivuta. Akaeleza malori yao yaliyosimama chini ya miti bila tone la petroli, na ndege zao chache zilizopita mara moja hazikuonekana tena.

"Mwingereza alikuwa na kila kitu," alisema. "Malori, magari ya deraya, petroli ya kuogea. Mfaransa alikuwa na vyombo vya zamani na barabara moja. Basi akaiharibu ile barabara. Akavunja madaraja. Akakata miti ikalala njiani mmoja juu ya mwingine. Na panapobana akapanga mawe. Gari la vita haliruki ukuta. Lilifika likazima, mzungu akashuka akawasha sigara, na mume wangu akaitwa kutoka nyuma aje abebe."

Hapo mzee mmoja akasimama. Alikuwa amepigana Burma, na kwa miaka yote alikuwa akimcheka babu kwenye pombe kwamba yeye alipigana na Mjapani, babu alipigana na mawe. Akasema habari hizo ni ndogo, kwamba vita vya kweli vilikuwa Burma. Bibi hakukasirika. Akamwuliza atueleze basi Burma ilikuwaje. Mzee akaeleza. Mzee mwingine akampinga. Mwenyekiti akajaribu kuwanyamazisha, wazee wakamgeukia wote kwa pamoja, wakamwuliza yeye alikuwa vita gani.

Tajiri alitazama saa yake. Mimi nikatazama kule upande wa shamba, na kwa mbali nikaona wanawake wameinama, na sehemu ya juu imeshabadilika rangi, imebaki mabua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hadithi ilikuwa ndefu, na nililazimika kuziba mdomo nisicheke.

Burma ilipoisha, bibi aliendelea pale alipoishia. Na jambo alilosema mwisho sikuwa nimelisikia hata siku moja, wala kwa babu.

"Vita vilipokwisha, mateka waliletwa barabarani wasaidie kusafisha. Mume wangu aliwekwa pamoja na Msenegali mmoja. Hawana lugha. Siku nzima wanainua mawe, huyu huku na huyu kule. Jioni yule Msenegali akaketi, akafungua viganja vyake akamwonyesha. Vimechanika. Mume wangu akafungua vyake. Vimechanika vilevile. Huyu aliyapanga, huyu ameyapangua, na wenye vita wote wawili wamekaa mahali wanakunywa chai. Wakacheka mpaka wakaumwa mbavu. Yule mtu akampa chupa yake ya maji, na kofia. Mume wangu alimpa tumbaku, na mkanda wake, akaadhibiwa kwa kupoteza mali ya serikali."

Akaigeuza kofia pale mezani, nanga ikamtazama mwenyekiti.

"Sasa mwenyekiti, umeniuliza kwa nini nimepanga mawe. Nimepanga kwa sababu sina gari, sina petroli, na wewe hukunisikiliza. Niliomba siku kumi. Leo ni ya saba. Zimebaki tatu. Huyu bwana angeningoja, angekuwa amelala kwake siku zote hizi, na mwanangu angekuwa na ngozi mikononi."

Hawakukata shauri siku ile. Wazee walisema jambo ni zito, lirudiwe kesho. Tajiri hakungoja kesho. Aliondoka kwa hasira, na asubuhi ya siku ya tisa alirudi na katapila la kukodi lililoletwa juu ya lori refu kutoka upande wa Mugumu.

Sitadanganya: katapila ni kitu kingine. Kuta zetu zilizokuwa zimekula siku nzima za vijana kumi na wawili, lilizisukuma kama mtu anavyosukuma maganda ya karanga mezani. Nilisimama juu nikalia. Jirani yetu alisema twende tukae mbele yake, lituue. Bibi akamwambia aache upuuzi.

"Wimbi limebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Nusu," nikasema.

"Basi mnalia nini? Shika kisu."

Tulikata siku ile yote na siku iliyofuata. Kutoka mteremkoni tulisikia chuma kikigonga mawe, kila mara karibu zaidi. Wanawake wengine waliongezeka, hata wale waliokuwa wakipika kilimani. Na asubuhi ya siku ya kumi nilipoinua kichwa niliona mtu anakata upande wa chini, amefunga viganja kwa vitambaa, buti miguuni. Baba mdogo hakusalimia mtu. Alikata kama mtu anayedaiwa na shamba lenyewe. Bibi alimpita akiwa na kikapu, akamwekea chupa ya maji karibu, akaendelea.

Mchana katapila lilifika kwenye ukingo wa shamba. Dereva wake alikuwa mtu mzima asiyekuwa wa kwetu. Ukimsikiliza alivyosema unajua ametoka mbali. Alitutazama, watu kama ishirini tumeinama mbele yake, mafungu ya wimbi kila mahali. Tajiri alipiga kelele kutoka nyuma kwamba aendelee. Dereva akazima mashine. Akashuka, akafungua kifuniko, akasogea nyuma, akatikisa kichwa.

"Imepata moto," alisema. "Lazima ipoe."

"Ipoe mpaka saa ngapi?"

"Mashine haisemi saa, bosi. Ikipoa tutajua."

Akaja akakaa karibu nasi, akamwamkia bibi, akaomba maji. Bibi alimpa ile chupa, akamwonyesha mdomo upi ni wa kunywea. Sijui kama mashine ilikuwa imepata moto kweli. Niliigusa nilipopita na kikapu, na ndiyo, ilikuwa na joto, lakini hata sufuria iliyoanikwa juani huwa na joto. Ilipoa jua lilipozama.

Siku ya kumi na moja lilipita. Shamba lilikuwa mabua matupu, isipokuwa kipembe kidogo upande wa chini ambacho hatukukiwahi. Lilipofika kwenye makaburi dereva alikata kona pana kuliko alivyoelekezwa, akaacha hatua thelathini au zaidi, na tajiri alipomwuliza alisema ardhi pale ni laini. Nyuma yake likapita lori la karasha. Yule kijana wa Migori alipiga honi mara mbili na kutupungia mkono. Hatukupunga. Bibi peke yake ndiye aliyepunga, na akasema kwa sauti, "Karibu sana, umechelewa!"

Kweli tajiri alikuwa amechelewa. Wenzake wawili walikuwa wamezunguka kwa ile njia mbovu ya bondeni, wakapita kivukoni kwa shida, wakafunga karasha zao siku mbili kabla yake. Mawe mengi ya juu yalikuwa yameshasagwa. Alisaga kilichobaki, na kabla ya masika mawili kupita kilima kilikuwa kimeachwa, maturubai yameoza, na mashimo yamebaki wazi. Mpaka leo tunaopoa mbuzi waliotumbukia humo.

Baba mdogo alimlaumu bibi kwa muda mrefu. Alisema kazi ile ingemtoa. Mimi pia alininunia, kwa sababu nilibeba mawe upande wa mama yake, na tulikaa karibu mwaka tukisalimiana kwa kichwa tu. Hakuniomba radhi na mimi sikumwomba. Siku moja alinikuta nafunga ndama akaishika kamba upande wa pili, na hapo yakawa yamekwisha.

Wale wanaosema bibi alishindwa wanatazama barabara. Mimi nawaambia watazame alichoomba. Hakuomba barabara isipite milele. Hakuwa mjinga, na alijua nguvu za gari kuliko wao wote, kwa sababu alilala miaka arobaini na mtu aliyelisafishia njia. Aliomba siku kumi. Akanyimwa na mtu mwenye fedha, akanyimwa na mtu mwenye muhuri. Akazichukua mwenyewe, zote kumi.

Mwaka ule nyumba nyingi kijijini hazikuwa na wimbi. Walioacha palizi wakaenda kilimani walirudi wakakuta magugu, na watu waliozoea kuuza unga wakawa wananunua. Kwetu vihenge vilijaa. Tulimpelekea shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Sirari gunia zima, tukawagawia wale wanawake wote, na bibi akapika pombe. Yule mzee wa Burma alikuja bila kualikwa, akapewa mrija, akanywa, akasema tena kwamba vita vya kweli vilikuwa Burma. Bibi akamwongezea maji ya moto kwenye chungu, akamwambia anywe tu, pombe bado ipo.